Mishumaa Tisa Mkono wa Kushoto

Wanangu wa ofisi ya picha, tagi ya kwanza, yaani neno la kuitafutia picha, niliyoibandika maishani mwangu ilikuwa "nzuri". Ilikuwa picha ya vilima na ukungu wa asubuhi, nami niliipenda, basi nikaandika nilivyojisikia. Ya pili nikaiandikia "nzuri sana". Kufika jioni nilikuwa na picha mia mbili nzuri, nyingine nzuri sana, na moja "nzuri kuliko zote". Wiki ile ile hoteli moja ikapiga simu, inataka picha ya soko wakati wa mvua. Nilijua tunayo. Nilizipitia zote kwa macho, moja moja, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe, na nilipoipata hoteli ilikuwa imeshapata ya kwingine.

Najua mnazikuta tagi zangu hizo mpaka leo na mnacheka. Chekeni, ni halali yenu. Mimi nimestaafu, nina chai yangu na magoti mabovu, na kicheko cha vijana hakinipunguzii kitu. Ila msidhani hayo ndiyo makosa ninayoyajutia. Tagi mbovu ina huruma yake: inaificha picha, lakini picha ipo, na siku moja mtu ataiokota. Kosa langu mimi lilikaa kwenye picha ambayo kila tagi ilikuwa imenyooka: majina kamili, mahali, shughuli, mpaka mavazi. Mkurugenzi aliwaonyesha wafanyakazi wapya picha ile ili waone kazi inavyotakiwa kufanywa. Na ndiyo iliyompa mwanamke mmoja mama asiye wake.

Nitafika huko. Mtanivumilia nikizunguka kidogo, maana mtu haendi moja kwa moja mahali panapomuuma.

Nilipoanza, ofisi yetu pale Sonatubes ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri, na madereva wa moto, hizi pikipiki za abiria, walipiga honi chini ya dirisha kutwa nzima. Tulikuwa watu wanne, na kila mmoja alikuja na lugha ya alikokulia. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, nilikulia kwenye Kiswahili cha mtaani na Kifaransa cha masista. Godfrey alilelewa Uganda. Neema alitoka Tanzania. Kalisa hakuwa ametoka popote, alizaliwa hapa hapa Kigali, na hakuchoka kutukumbusha. Basi picha za ndoa zikiingia, mimi naandika mariage, Godfrey anaandika wedding, Neema anaandika harusi, na Kalisa anaandika ubukwe. Kila mtu anaona kazi yake imekamilika, na kila mtu anamwona mwenzake mzembe.

Familia moja ilikuja kutaka picha zote za siku yao, nikawapa zote za mariage, wakaondoka na robo. Walirudi wakiwa wamekasirika, mbele yao shangazi mwenye kitambaa kikubwa kichwani. Shangazi ndiye aliyeleta keki, na hakuonekana hata kwenye picha moja. Tulimpata baada ya saa nzima, amekaa salama ndani ya ubukwe, keki mkononi.

Tuligombana siku mbili. Kalisa alisema, "Hapa iko Rwanda, tuandike Kinyarwanda, imekwisha, birarangiye." Godfrey akasema wateja wa nje hawatajua ubukwe ni nini. Mimi nikatetea Kifaransa kwa sababu sikutaka kushindwa. Neema, aliyekuwa mdogo kuliko sote, akatuambia, "Jamani, mnapigania neno, na wateja wanakimbia. Tununue daftari." Tukanunua daftari la jalada la kijani. Kila jambo likapewa neno moja lililo mama, na maneno mengine yote yakaelekezwa kwake, ili anayetafuta harusi akute na zile za ubukwe. Ile orodha mnayoifungua leo kwa kubonyeza mara moja ilianzia kwenye daftari lile, na madoa ya chai yalikuwa yangu.

Mambo mengine nimeyasema mpaka mmeyachoka, lakini mzee ana haki ya kurudia. Ukiwa na picha mbele yako usijiulize tu unaona nini. Jiulize ni nani atakuja kuitafuta, na atakuja na neno gani mdomoni. Mwenye hoteli atakuja na "mvua". Mtoto wa marehemu hatakuja na mvua, atakuja na jina. Kwa hiyo jina la aliyebeba sinia lina uzito sawa na la bwana harusi, na msiniandikie "umati", maana umati hauna mtu anayeulilia. "Mbalimbali" nayo nilishaipiga marufuku, na nasikia mmeirudisha.

Hilo la majina nilifundishwa na Mzee Anselemi. Alikuwa mpiga picha Buyenzi tangu mimi sijazaliwa, na hakuna Mnyarwanda aliyekimbilia mtaa ule ambaye hakusimama mbele ya kamera yake. Aliporudi nyumbani Rwanda alikuja na makopo manne ya biskuti yaliyojaa filamu, zile za mraba, na ili zienee kwenye makopo alikuwa amezikata kingo zote kwa mkasi. Mkurugenzi alikubali tuziingize kwenye kompyuta, na mimi, kwa kuwa ni wa Buyenzi, nikapewa kazi hiyo.

Wakati huo macho ya Mzee yalikuwa yameshakwisha. Aliona mwanga na kivuli tu. Siku ya kwanza nilijiuliza kimoyomoyo kipofu atanisaidia nini, na nadhani alinisikia.

"Weye mutoto wa Buyenzi," akaniambia, "macho imekufa, lakini watu wote iko hapa." Akajigonga paji la uso. "Unajua kwa nini? Kila muzazi alitaka foto yake, na mimi nilipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Ukikosea jina ya mutoto ya mutu, mama yake anakurudishia foto na matusi juu."

Basi yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu yangu, mimi naweka filamu kwenye skana, namweleza ninachokiona, naye anafumba macho na kunitajia watu. Na kwa kuwa kwetu mtoto habebi jina la baba yake, na akina Spesiyoza walikuwa tele, Mzee aliongeza nyumba: huyu wa kwa mwokaji mikate, yule wa kwa muuza samaki. Mpaka leo ninyi mna kisanduku cha "nyumba" kwenye fomu yenu na hamjui kilitoka wapi. Kilitoka kwake.

Siku moja nikamwambia, "Mzee, wasichana tisa, nguo nyeupe, shela, wamepanga mstari mmoja mbele ya ukuta wa kanisa."

Akatabasamu. "Komunyo ya kwanza. Andika. Kuanzia kushoto kwangu mimi niliyeshika kamera: Virjini, Godeliva, Spesiyoza wa kwa fundi cherehani, Madalena, Domitila, Fransiska, Imakulata, Asumpta, Konsesa."

Nikaandika, namba moja mpaka tisa. Nikaongeza komunyo ya kwanza, wasichana, shela, kanisa, Bujumbura. Nikaongeza na mshumaa, kwa sababu kila msichana alikuwa ameshika mshumaa. Halafu nikaenda kwenye filamu nyingine, maana siku ile nilikuwa na filamu sitini za kumaliza kabla Mzee hajachoka, na nilishaanza kujiona fundi ambaye vidole vyake vinajua kazi vyenyewe.

Mzee Anselemi alifariki tukiwa katika kopo la tatu. La nne limejaa "haijulikani". Hilo nalo ni jeraha, lakini si langu peke yangu.

Solange alikuja ofisini mwaka uliofuata. Ni mwalimu, anaishi Rebero hapa Kigali, mwanamke mrefu wa sauti ya chini. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba kitu asichostahili, akaniita shangazi kwa Kifaransa.

"Tantine, wameniambia hapa muko na foto za Buyenzi za zamani. Namutafuta mama yangu."

"Jina lake?"

"Spesiyoza. Alikufa siku ile alinizaa. Foto zake zilibaki kwa nyumba tulipohama, hatukuziona tena. Mimi sijawahi kuona uso yake, Tantine. Hata moja."

Wanangu, mimi nilikuwa na mama yangu mpaka nilipokuwa na mvi, na tulishindana naye kila siku. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayezeeka bila kujua mama yake alikuwa na pua ya namna gani. Nikaandika Spesiyoza, zikaja saba. Nikamuuliza, "Wa nyumba gani?" Akasema babu yake alikuwa fundi cherehani. Nikabonyeza. Ikabaki moja.

"Wa tatu kutoka kushoto," nikamwambia, na sitaficha kwamba nilisema kwa majivuno.

Hakulia mara moja. Aliweka kidole kwenye kioo, akakiondoa, akakirudisha. Kisha akasema, "Ana masikio yangu." Nami nikamtazama masikio, nikaona ni kweli, ni yale yale. Mjomba wake alipoletewa picha, naye aliyekuwa na miaka mitatu dada yake alipofariki, alisema, "Ni yeye kabisa, tazama paji la uso." Watu huona wanachoambiwa waone. Muandike hilo kwenye orodha yenu.

Solange alikata uso ule mmoja, akaukuza, akauweka kwenye fremu sebuleni. Alinialika Jumapili moja tukala isombe, yale majani ya muhogo, na samaki, na nikamwona binti yake mdogo akiisalimia picha kama bibi yake kabla ya kukaa mezani: "Mwiriwe, Nyogokuru." Niliporudi nyumbani nilijisemea kwamba hata nikifa kesho, kazi yangu imekuwa na maana.

Miaka ikapita. Ikaja mashine inayobandika tagi yenyewe, ambayo ninyi mnaipenda na mimi naiheshimu kwa mbali. Siku ya kwanza iliona igisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, ikakiita mpira wa miguu. Wasichana wetu tisa iliwaita watawa, na ikaongeza "harusi". Tulicheka mpaka Godfrey akapaliwa. Nikaisahihisha mimi mwenyewe, tagi kwa tagi, huku nikiwaambia kwamba mashine haina mama wala komunyo. Picha ile nimeitazama labda mara mia, na sikuona.

Katika miezi yangu ya mwisho kazini nilikuwa na mazoea ya Jumamosi: natia picha kumi kumi kwenye bahasha, napanda moto, nawapelekea wazee waliotoka Bujumbura wanisaidie kupunguza "haijulikani". Mmoja wao alikuwa bibi wa Kabeza aliyekaa nyuma ya duka dogo la unga. Wote tulimwita Mama Deo, kwa jina la mwanawe. Siku ile niliweka na picha ya wasichana tisa juu kabisa, kwa kuringa tu, aone kazi iliyokamilika ikoje.

Alivaa miwani, akaitazama, akaanza kucheka mpaka akaishika meza.

"Yesu wangu! Sista Mukubwa angetuua!"

"Kwa nini, Mama Deo?"

"Angalia mushumaa! Sisi wote tisa mukono ya kushoto? Kwa komunyo? Mimi nilipigwa rula wiki muzima juu ya mukono hii." Akainua wake wa kushoto. "Hii foto umeigeuza, mwanangu."

Nikaichukua. Mishumaa tisa, mikono tisa ya kushoto. Nami ni Mkatoliki, wanangu. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya kanisa kama lile, na sista aliukung'uta mkono wangu wa kushoto mpaka nikaogopa hata kuutumia kujikuna. Kwetu hakuna mtoto anayeachiwa kushika kitu kitakatifu kwa mkono ule. Tena niliandika "mshumaa". Niliuona, nikauandika kwa herufi, na sikutazama uko mkono upi.

Mnajua ilivyotokea, lakini acheni niseme. Filamu ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Ukiilaza kwenye skana upande usio wake, picha inatoka safi kabisa, ila kulia kumekuwa kushoto. Namba zilizo ukingoni ndizo hukuonya, zinasomeka kinyume, nawe unageuza. Za Mzee zilikwenda na mkasi. Ilibaki kuinamisha filamu kwenye mwanga wa dirisha na kuona inapong'aa, kazi ya kuvuta pumzi mara moja. Sikuifanya. Mzee alinitajia watu kuanzia kushoto kwake, na mimi nikawapanga kuanzia kulia kwake. Kati ya wote tisa ni Domitila peke yake niliyemtendea haki, kwa sababu alisimama katikati.

Mama Deo alikuwa ameshaendelea. Aliweka kidole juu ya msichana wa tatu kutoka kushoto, yule wa kwenye fremu ya Rebero. "Huyu ni mimi. Imakulata. Angalia nilivyokuwa mwembamba!" Kidole kikahamia upande wa pili, wa saba. "Na huyu ni Spesi wa kwa fundi cherehani. Huyu ndiye alinichomea shela na mushumaa yake, tukacheka mupaka Sista akatutoa inje. Dawati moja, miaka sita. Maskini Spesi."

Ulimi wangu ukateleza. "Aliacha mtoto. Yuko hapa Kigali."

Bibi akavua miwani. "Mutoto ya Spesi? Hapa? Umulete! Niko na maneno mingi ya kumuambia."

Nikasema, "Nitamleta, Mama." Chai yangu nikaiacha nusu, nikasema moto inanisubiri, na haikuwapo moto yoyote.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo ninapojuta, si pale kwenye skana. Kugeuza filamu ni kosa la mkono. Kilichofuata nilikifanya kwa akili zangu zote.

Sherehe ya kuniaga ilikuwa wiki tatu mbele. Solange alikuwa amealikwa azungumze, na mkurugenzi alikuwa amechapisha picha ya wasichana tisa kwenye kadi ya mwaliko. Nikajiambia, nitamwambia baada ya sherehe. Akazungumza, akasema mimi nilimpa mama, watu wakapiga makofi, na mimi nikainamia soda yangu. Nikajiambia, baada ya Noeli. Baada ya Noeli akaniambia binti yake anapokea komunyo ya kwanza Pasaka, na fundi anashona shela kwa kuiga ile ya Nyogokuru kwenye fremu. Nikasema, nitamharibiaje mtoto siku yake? Nikaenda kanisani, nikakaa benchi la tatu, na yule mtoto alipopita na mshumaa wake mkono wa kulia, nilitazama sakafu.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali naijua, na bado nilingoja.

Bibi wa Kabeza alinipigia simu mara mbili. Mara ya kwanza alicheka: "Mutoto ya Spesi amepotea njia?" Mara ya pili hakucheka. "Mwanangu, mimi nimezeeka. Unamuleta lini?" Nikamwambia wiki ijayo. Na mimi niliyewachosha ninyi kwa kusema uliza, andika, uliza tena kabla mtu hajaondoka, sikwenda hata siku moja kukaa naye na kalamu. Nilijua nikifika ataniuliza yuko wapi. Simu ya tatu ilitoka kwa Deo mwenyewe. Mama yake alikuwa ameanguka uani akianika nguo, na hakuamka.

Nilikwenda kumzika. Kisha nikakaa wiki nzima nikiwa kama mgonjwa, na siku ya nane nikapanda moto kwenda Rebero, bahasha kifuani, ndani yake ile picha imegeuzwa ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Solange alinikaribisha kwa furaha, akanitilia maziwa. Sikuyagusa. Nikaiweka picha mezani, nikamweleza filamu, nikamweleza mishumaa, nikamwonyesha wa tatu kutoka kushoto, safari hii wa tatu wa kweli: msichana mwenye mashavu, mdomo umebanwa kama anayezuia kicheko.

Aliivuta picha karibu. Akatazama picha, akatazama fremu ukutani, akarudi kwenye picha.

"Huyu ndiye mama?"

"Ndiye."

"Sasa huyu iko kwa ukuta yangu ni nani?"

"Imakulata. Walikaa dawati moja na mama yako miaka sita. Alikuwa akiishi Kabeza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa. Sikuwa nimejiandaa kwa alichofanya. Uso wake ulifunguka. Akasimama.

"Kabeza hapa? Tantine! Mimi Kabeza napita kila siku ya Mungu! Mutu alisoma na mama, miaka sita, na iko Kabeza?" Alikuwa ameshaingia chumbani kutafuta viatu, akisema na mimi kupitia mlango. "Tunachukua moto mbili. Nitabeba ile sukari. Anapenda nini? Wazee wanapenda sukari. Atanieleza sauti yake, Tantine, mimi sijui hata alikuwa na sauti gani..."

Alitoka na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akaniona bado nimekaa.

"Solange, mwanangu. Tulimzika wiki iliyopita."

Akakaa kwenye mkono wa kiti. Kiatu alikishika vile vile.

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Kabla ya Noeli."

Nilimwona akihesabu. Noeli, Pasaka, shela, hotuba yake ya kunisifu. Hakunitukana. Ningelipenda anitukane, ningejua pa kuishika aibu yangu. Aliniuliza tu, taratibu, kama anavyouliza wanafunzi wake:

"Alisema nini juu ya mama?"

"Alisema mama yako alimchomea shela kwa mshumaa wake, wakacheka mpaka Sista akawatoa nje."

"Na nini ingine?"

"Basi."

"Rudia."

Nikarudia. Akaitazama picha, ule mdomo uliobanwa, akasema tena, "Rudia."

Faili nimeshalisahihisha; funguo za ofisi nilikuwa bado sijazirudisha. Mkiifungua picha mtaona imegeuzwa, majina yamehamishwa, na chini kabisa kuna tagi mbili ambazo haziko kwenye orodha yenu: "mkono wa kulia" na "shela iliyochomwa". Msizifute hata kama mashine inazilalamikia. Solange ana fremu mbili ukutani sasa. Ya Imakulata hakuitoa, alisema huyo naye alimlea kwa miaka kadhaa.

Bado hunialika, mara chache kuliko zamani. Tukimaliza kula huniomba nimwambie. Ningeweza kuongeza. Mimi ni wa Buyenzi, najua masista wale walivyokuwa, najua nyimbo walizoimba, najua njia ya kutoka kanisani mpaka kwa fundi cherehani. Ningeweza kumtungia mama mzima, mwenye sauti na mwendo, naye angenishukuru. Lakini nilishampa mama wa uongo mara moja. Kwa hiyo namwambia yale yale, shela, mshumaa, kicheko, Sista, mlango, halafu nanyamaza, naye anasubiri kidogo kana kwamba kuna mengine yanakuja, na sina mengine.